Nani Aliwafundisha Watoto wa Ituri?

Mwulizeni mkristo mzee wa Bunia, wa Drodro au wa Kilo ni nani aliyemfundisha dini. Pengine atawatajia kwanza padre fulani wa zamani. Lakini mkizidi kumwuliza: nani alikushika mkono wa kuume akakuonyesha ishara ya msalaba? Nani alikutangulia katika Salamu Maria mpaka ukaijua bila kukosea? Ndipo atakapomtaja mama yake, au bibi yake, au katekista wa kijijini, au kaka yake aliyebatizwa kabla yake.

Historia ya misioni huandikwa mara nyingi kwa kuhesabu makanisa, shule na watu waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini katika nchi yetu ya Ituri makanisa yamechomwa, shule zimefungwa, na mapadre wameuawa au wamefukuzwa, si mara moja. Kama imani ya watoto ingalitegemea vitu hivyo peke yake, ingalikwisha zamani. Basi tutazame nyuma, tuone imani hiyo ilipita njia gani hata ikatufikia.

MIAKA MITATU BILA PADRE

Habari yetu inaanza ng'ambo ya Ziwa Albert, katika nchi ya Buganda. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Aljeria mwaka 1868, walifika Buganda mwezi Februari 1879. Kardinali alikuwa amewaagiza jambo moja kwa nguvu: mtu asibatizwe kwa haraka. Afundishwe na kupimwa muda wa miaka 4, ili ajue anaingia katika nini. Wengi waliona muda huo ni mrefu mno.

Mwezi Novemba 1882 mapadre walilazimika kuondoka, wakakaa ng'ambo ya kusini ya ziwa kubwa hata Julai 1885. Kwa muda wa karibu miaka 3 hapakuwa na padre Buganda. Hapakuwa na Misa, hapakuwa na maungamo. Waliobaki walikuwa wakristo wachache tu, wengi wao vijana. Je, walitawanyika? Hapana. Yosefu Mukasa aliwakusanya vijana wa jumba la mfalme, na Matia Mulumba na wenzake wakafundisha jirani zao huko Mityana. Mapadre waliporudi, walikuta watu wa sala wameongezeka.

Kisha likaja jaribu la damu. Mwezi Mei 1886 mfalme Mwanga aliambiwa kwamba kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mwana wa waziri mkuu. Basi kosa la Denis lilikuwa hilo: kumfundisha mwenzake katekisimu. Mfalme alimpiga kwa mkuki, na kijana akauawa. Karoli Lwanga, alipoona kifo kinakaribia, aliwabatiza usiku ule wale ambao walikuwa hawajabatizwa bado, na mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, walichomwa moto Namugongo.

Angalieni jambo hili. Lwanga hakuwa padre. Alikuwa mkubwa wa vijana, aliyekwisha kujua katekisimu yake vizuri. Ile miaka 4 ambayo watu waliiona mirefu ilimfanya mwanafunzi aweze kuwa mwalimu.

KATEKISTA WA KIJIJINI

Huku kwetu kazi ilikuja baadaye. Mwaka 1922 Roma ilitenga Prefektura ya Ziwa Albert, ikaikabidhi kwa Mapadre Weupe. Mwaka 1933 ikawa Vikarieti, na Monsinyori Alphonse Matthysen akaiongoza. Tarehe 10 Novemba 1959, majimbo ya Kongo yalipopangwa upya, Bunia ikawa dayosisi. Mwaka 1962 Mahagi ikatengwa nayo ikawa dayosisi yake.

Nchi hii ilikuwa na watu wa lugha nyingi: Walendu, Wahema, Waalur, Wabira, Wangiti, Wanyali na wengine. Tena dhahabu iliyogunduliwa karibu na Kilo mwaka 1903 ilileta wafanyakazi kutoka mbali, na Kiswahili kikawa lugha ya machimboni na ya njiani. Kwa hiyo mara nyingi mtoto alisali na mama yake kwa lugha moja, akaulizwa katekisimu kwa lugha nyingine. Aliyekaa katikati ya lugha hizo mbili ni katekista. Yeye alikuwa mwana wa nchi. Alijua neno gani la kwao laweza kubeba maana ya neema, na neno gani lingemfanya mtoto acheke.

Katika Kongo ya Wabelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni. Mkataba kati ya Roma na Dola Huru ya Kongo, mwaka 1906, uliwapa wamisionari ardhi ili nao wafungue shule. Tangu mwaka 1925 serikali ilianza kuzisaidia kwa fedha shule zilizofuata masharti yake. Msaada huo ulifanya mema mengi, lakini uliweka pia tofauti kati ya ndugu wawili. Mwalimu wa shule kubwa alipata mshahara. Katekista wa kanisa la nyasi kijijini alipata shukrani, na labda kuku siku ya sikukuu. Watoto waliiona tofauti hiyo. Wengi walitamani kuwa kama mwalimu, na wachache kama katekista. Jambo hili halijakwisha kutusumbua.

NENO LA PIUS X

Kabla hatujaendelea, tukumbuke Baba Mtakatifu aliyewapenda watoto kwa namna ya pekee. Mwaka 1905 Pius X aliwaamuru maparoko wa dunia nzima wawafundishe watoto katekisimu kila Jumapili na kila sikukuu kwa muda wa saa moja. Tarehe 8 Agosti 1910 aliamuru tena kwamba watoto waruhusiwe Komunyo ya kwanza wanapofikia umri wa akili, yaani miaka 7 hivi. Zamani zile watoto wengi huko Ulaya walingoja hata miaka 10, au 12, au zaidi. Papa alisema yatosha mtoto ajue mafumbo makuu kadiri ya akili yake, na aweze kutofautisha Mkate wa Ekaristi na mkate wa kila siku.

Watu wengi wanaijua amri hiyo, lakini wanasahau sehemu yake moja. Papa hakumpa padre peke yake kazi ya kupima kama mtoto yu tayari. Alimpa padre muungamishi pamoja na baba wa mtoto, au yule anayeshika nafasi ya baba. Kwa hiyo baba asiyejua kama mwanawe anaweza kusali Baba Yetu amekwisha kuiacha kazi aliyopewa na Kanisa.

Kutokana na amri hiyo kulizaliwa vyama vya watoto. Kimoja kilianzishwa na Mapadre Wajesuiti huko Ufaransa mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza: Krusada ya Ekaristi. Mtoto wa Krusada alipewa mambo 4 ya kushika: kusali, kupokea Komunyo, kujitolea sadaka, na kuwa mtume kwa wenzake. Msomaji alishike jina hilo, maana tutalikuta tena karibu na kwetu.

NGOMA YA PAIMOL

Mfano mwingine u karibu nasi, kwa ndugu za Waalur, yaani Waacholi wa Uganda ya kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 1917 kijana Daudi Okelo, wa miaka 16 hivi, alikubali kwenda Paimol kuwa katekista mahali pa mwenzake aliyefariki. Aliandamana na Jildo Irwa, mtoto wa miaka 12 hivi. Wote wawili walikuwa wamebatizwa mwaka 1916 tu, katika misioni ya Kitgum.

Kazi yao ilikuwa hivi. Alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita wanafunzi kwa sala ya asubuhi na rozari. Kisha waliyarudiarudia maneno ya katekisimu, tena kwa kuimba, ili yakae kichwani. Mchana alizunguka vijijini kuwatazama wale waliochunga wanyama au kuwasaidia wazazi shambani. Jildo yeye aliwakusanya watoto wadogo, akacheza nao michezo ya kikwao mpaka kelele ikajaa uwanja, na baada ya mchezo ikaja sala. Jioni waliita tena watu kwa rozari.

Mwezi Oktoba 1918, wakati wa fujo na chuki dhidi ya wageni, watu wenye mikuki waliwajia wakawataka waache kufundisha. Hawakukubali, wakauawa. Tarehe 20 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza Wenyeheri.

Hapo tunaona kwamba mtoto si mtungi wa kujazwa tu. Mtoto wa miaka 12 aliyefundishwa vema aliweza kuwafundisha wengine, tena kwa njia ambayo mzee asingeiweza, kwa sababu yeye alijua michezo yao.

MWAKA 1964 NA MWAKA 1974

Mwaka 1964 maasi ya Simba yalifika mashariki ya Kongo. Mapadre na masista walikamatwa sehemu nyingi. Huko Wamba Askofu Joseph Wittebols aliuawa tarehe 26 Novemba. Siku 5 baadaye, tarehe 1 Desemba, huko Isiro, aliuawa Sista Klementina Anuarite wa shirika la Jamaa Takatifu, kwa kuwa alikataa kuivunja nadhiri yake. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Watu humkumbuka kwa kifo chake, na ni haki. Lakini tukumbuke pia maisha yake: alikuwa mwalimu wa watoto wa shule ya msingi huko Bafwabaka. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri tarehe 15 Agosti 1985, na leo jina lake limeunganishwa na jina la Kizito katika chama cha watoto wakatoliki wa Kongo, Kizito-Anuarite.

Jaribu la pili lilikuja bila risasi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristo, na vyama vya dini vya vijana vikazimwa ili vijana wote wawe wa chama cha taifa. Mwishoni mwa mwaka 1974 shule zote zilitwaliwa na serikali, na somo la dini likatolewa darasani. Hata Noeli haikuwa tena sikukuu ya taifa. Mtoto akaitwa jina moja shuleni na jina jingine kanisani.

Ndipo ilipoonekana faida ya shauri la maaskofu wa Kongo, ambao tangu mwaka 1961 walikuwa wametaka parokia zigawanyike katika jumuiya ndogo zilizo hai, za majirani wanaojuana. Katika jumuiya hizo katekisimu ilipata mahali pengine pa kukaa: uani kwa mtu, chini ya mwembe, baada ya kazi. Mwezi Februari 1977 serikali iliona haiwezi kuziendesha shule peke yake, ikafanya mapatano na makanisa, na shule zikarudi chini ya uongozi wao. Somo la dini likarudi darasani. Lakini pamoja na kurudi huko, wazazi wengi wakastarehe tena, wakisema: mwalimu atafundisha.

SWALI GUMU

Wasomaji wapenzi, sasa tunafika mahali ambapo historia inatuuma. Mwaka 1999 ugomvi wa mashamba katika nchi ya Djugu uliwasha vita kati ya Wahema na Walendu. Majeshi ya wageni na wenye tamaa ya dhahabu wakatia kuni motoni. Kufikia mwaka 2003 watu wapatao 50,000 walikuwa wamekufa. Drodro ililia mwezi Aprili mwaka huo. Mwezi Mei, hapa Bunia mjini, watu waliuawa hata katika parokia ya Nyakasanza walikokimbilia, na mapadre 2 pamoja nao.

Wengi walioshika panga siku zile, upande huu na upande ule, walikuwa watu waliobatizwa. Walikuwa wamekaa katika mabenchi ya kanisa moja. Walikuwa wameulizwa amri ya tano, nao wakaijibu bila kukosa neno. Swali la namna hiyo lilikwisha kuwasumbua maaskofu wa Afrika walipofungua Sinodi yao Roma mwezi Aprili 1994, Rwanda ikiwa inaungua siku zile zile: je, kabila lina nguvu kuliko ubatizo?

Wako wanaojibu kwamba katekisimu ya kukariri ndiyo iliyokosa. Jibu hilo halitoshi. Daudi Okelo naye alifundisha kwa kukariri, na maneno aliyoyakariri yalimshika mpaka kifo. Kukariri ni kama kuweka mbegu ghalani. Si kosa kuiweka, ila lazima mtu aitoe akaipande.

Lililokosa lilikuwa nyumbani. Jumapili mtoto alisikia kanisani kwamba watu wote ni wana wa Baba mmoja. Jumatatu jioni, kwenye moto, alisikia wakubwa wakisema kwamba wale wa ng'ambo ya mto si watu. Masomo mawili yalimwingia mtoto yule yule. La kwanza alilipata saa moja kwa juma, kwa maneno ya kitabu. La pili alilipata kila siku, kwa lugha ya mama yake, kutoka kwa watu anaowapenda. Tusishangae basi ni somo gani lililotoka siku ya hasira.

Hatusemi hivyo ili kuwahukumu wafu. Wala tusisahau kwamba wakati ule ule walikuwako wakristo waliowaficha jirani wa kabila lingine. Lakini neno tunaloliambia watoto jioni ni katekisimu pia, tupende tusipende.

KOMANDA

Mwezi Mei 2021 serikali iliweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya makundi yenye silaha. Mwezi huo huo, tarehe 10, Papa Fransisko aliuweka rasmi utumishi wa katekista kuwa huduma ya Kanisa lote. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini sisi tuliyapokea pamoja.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 27 Julai 2025. Huko Komanda, katika parokia ya Mwenyeheri Anuarite, watu wa Krusada ya Ekaristi walikuwa wamekusanyika kwa mkesha wa sala, kwa ajili ya jubilei ya chama chao. Wauaji wa kundi la ADF waliingia wakiwa na bunduki na mapanga. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 43 waliouawa Komanda usiku ule, 9 kati yao wakiwa watoto. Papa Leo XIV alituma salamu za rambirambi.

Ni Krusada ile ile tuliyoitaja, iliyoanzishwa ili watoto wajue kusali, kupokea Komunyo, kujitolea na kuwa mitume. Mbegu ya Pius X ilisafiri miaka zaidi ya 100 mpaka ikafika Komanda, na hapo ikamwagiwa damu. Basi waliobaki wana haki ya kutuuliza: mtawafundisha nini wadogo zetu sasa? Mtawafundisha kulipa kisasi, au mtawafundisha tuliyokuwa tukiyasali usiku ule?

TUFANYE NINI?

Kwanza, sala ya jioni irudi nyumbani, na Injili isimuliwe kwa lugha ya nyumbani. Baba akisimulia habari ya Msamaria mwema, asiishie katika maneno ya kitabu. Amwambie mtoto kwamba Wayahudi na Wasamaria walichukiana kwa vizazi vingi, kisha amtajie kwa jina kabila ambalo watu wa kwao hulisema vibaya, aseme: Yesu angetoka kwetu, angalisema mwema yule alikuwa mtu wa kabila hili. Mtoto hatasahau.

Pili, tumtazame katekista. Anafundisha watoto wetu, lakini shamba lake nani analilima? Jumuiya moja ikitoa mikono yake siku moja tu katika majira ya kupanda, katekista atakuwa na chakula, na watoto watajua kwamba kazi yake inaheshimiwa.

Tatu, tusiwaache watoto baada ya Komunyo ya kwanza. Parokia nyingi hujaa watoto kabla ya sikukuu hiyo, na baadaye hawaonekani. Aliyepokea mwaka huu apewe mdogo mmoja wa kumwongoza mwaka ujao. Jildo hakungoja kuwa mtu mzima.

Mtume Paulo alipotaka kumkumbusha Timoteo imani yake ilitoka wapi, alimtajia wanawake wawili: bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Siku moja watoto wetu nao wataulizwa ni nani aliyewafundisha. Tuishi hivi kwamba wakitaja majina yetu, wayataje bila haya.

Wenyeheri Anuarite, Daudi na Jildo, na Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee.